Chai ya Kuamshia

Sabuni ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kilikuwa kipande kidogo cha kutosha uso na mikono, kimefungwa kwa karatasi nyeupe, nami kila jioni kabla ya safari niliweka kimoja juu ya kila mto. Nilikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala katika treni ya usiku inayotoka Nairobi kwenda upande wa ziwa. Siku tulipoambiwa sabuni hakuna tena, nilicheka. Nilisema abiria waje na sabuni zao, kwani nyumbani hawaogi? Nikikumbuka kicheko kile, hadi leo nasikia aibu.

Baada ya sabuni ikafuata taulo. Baada ya taulo, mto wa pili, ambao wazee walipenda kuuweka chini ya magoti. Halafu wakagusa chakula cha jioni. Zamani aliyekata tiketi ya kitanda alilishwa: wali wa pishori kutoka Wang'uru, mchuzi wa kuku, kabichi, na kipande cha nanasi. Mimi ni mtu wa pande za Mlima, na wali ule niliuonea fahari utadhani nimeulima mwenyewe. Nilikuwa nawaambia abiria wavute harufu kwanza kabla hawajashika kijiko. Ikaja amri kwamba chakula sasa ni pakiti ya biskuti na chupa ya maji. Miezi michache baadaye biskuti zikaenda, maji yakabaki. Soketi za kuchajia simu ndani ya kabini zikakatwa stima, ati zinaunguza nyaya. Blanketi zikawa za kukodisha, nazo hazikutosha watu. Na sisi wahudumu, tuliokuwa mmoja kwa kila behewa, tukapunguzwa hadi mmoja kwa mabehewa matatu.

Kila mara msimamizi wetu alitukusanya uwanjani akatusomea waraka kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi redioni. Mimi nina mdomo, sikatai. Nilikuwa nauliza maswali mpaka wenzangu wananivuta koti. Siku aliyosoma kwamba chai ya asubuhi nayo itasimama mwisho wa mwezi, nilimwuliza chai imekosea nini.

"Mzee, sisi tunauza safari, hatuuzi chai," akasema. "Mtu hawezi kukaa bila chai mpaka afike kwake?"

Wenzangu wakacheka. Jibu lilikuwa mikononi mwangu na sikulijua.

Nieleze kazi ile, maana asiyeifanya hawezi kuelewa. Treni yetu haikusimama kwenye miji mikubwa tu. Kabla ya mapambazuko ilisimama kwenye vituo vidogo vidogo, dakika mbili, na kituo kingine hakina hata taa. Anayeshuka hapo lazima awe amekwisha kusimama mlangoni na mzigo wake mkononi. Kwa hiyo abiria alipopanda jioni nilimwuliza anashukia wapi, nikaandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi nikakiweka chini ya kikombe. Vikombe nilivipanga kwenye trei kwa utaratibu wa vituo, wa kwanza kushuka mbele, wa mwisho nyuma. Kituo kikikaribia nilichukua kikombe cha mbele, nikamimina chai, nikaenda kugonga mlango. Mtu alishuka macho yamefunguka na tumbo lina joto. Trei ikiwa tupu, nilijua wote wameshuka. Ikibaki na kikombe, kuna mtu amelala mahali.

Hakuna aliyenifundisha. Nilimkuta mzee mmoja akifanya hivyo nami nikaiga. Tuliiita chai ya kuamshia, na hata sisi tuliokuwa tunaibeba tulidhani ni ukarimu tu. Vikombe vilipokusanywa na kufungiwa stoo, orodha yangu ikaenda navyo. Nikaanza kuandika kwenye kiganja kwa biro, watu wa mabehewa matatu kwenye kiganja kimoja kinachotoa jasho.

Sasa nije kwa mwalimu.

Tunaishi Chaka, kwenye nyumba za kupanga zilizopangana mstari mmoja, na ukuta wa chumba chetu cha kulala ndio ukuta wa jikoni kwake. Alikuja huku kutoka magharibi akiwa msichana mwenye ajira mpya, akaletwa na serikali kwenye baridi hii bila sweta, na hajahama tena. Binti zangu wote wawili aliwafundisha hesabu. Sisi tukipika mukimo, sahani yake inapita juu ya ua. Yeye akipika mrenda, ile mboga ya kwao inayoteleza, bakuli letu linarudi limejaa, na mke wangu, ambaye hajawahi kuuzoea, husema mrenda ule unakula wewe badala ya wewe kuula. Mwalimu hucheka mpaka anashika mbavu. Hakuolewa. Mshahara wake wa ujana ulisomesha wadogo zake kwao, na huo ndio ukweli ambao kila mtu kwao anaujua.

Baba yao kabla ya kufa alisema mbele ya watu kwamba binti huyu apewe sehemu ya chini ya shamba, pale karibu na kaburi la mama yake. Ndugu zake watatu wakavuta miguu miaka na miaka. Mara mpima ardhi hapatikani, mara mvua, mara mkubwa wao anaumwa. Mwaka huo wakakubali, ila wakaweka sharti la kwao: kila anayegawiwa asimame mwenyewe kwenye kona yake wakati kigingi kinapigwa. Hakuna kusimamiwa. Asiyesimama hana kona. Mpima ardhi angefika Jumamosi saa mbili asubuhi.

Mwalimu aliniambia haya akiwa ameshika ua kwa mikono miwili, na sijawahi kumwona na furaha kama ile. Mwisho wa mwaka angestaafu. Alikuwa amekwisha kuchora nyumba kwenye daftari la shule, vyumba viwili na baraza, na tangi la maji nyuma.

"Nimekaa kwa watu miaka yote, jirani," akasema. "Mmenipenda, sisemi mmenitenga. Lakini nataka niwe na mahali ambapo nikifa hakuna mtu atauliza nipelekwe wapi."

Mimi shamba langu la viazi liko Mweiga, na namna nilivyolipata ni kwamba baba alinyoosha fimbo akasema wewe huko. Sikusimama popote. Sikuombwa hata kuamka mapema.

Shida yake ilikuwa mgongo. Kukaa kwenye basi usiku kucha asingeweza, na kusafiri mchana ilikuwa mpaka aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu ambaye walikuwa hawaelewani. Ndipo nikajipiga kifua. Nikamwambia apande treni yangu Ijumaa jioni, alale chali kama malkia, na saa kumi na moja alfajiri nitamgongea mlango ashukie kituo cha kwao. Mdogo wake wa mwisho angemngoja hapo na pikipiki. Mpango ulikuwa mzuri. Nilijisifu nao hata kwa mke wangu.

Ijumaa hiyo alipanda na mkoba mmoja, shuka zake, blanketi lake, na gauni la buluu limekunjwa ndani ya gazeti lisipate mikunjo. Nilimtandikia kitanda cha chini mwenyewe. Kabini nzima ilikuwa yake. Alitazama huku na huku, akagusa swichi ya soketi, akaniuliza kama ndizo zile kabini nilizokuwa nikizisifu. Nikamwambia zimezeeka kidogo, kama mimi.

"Niko na alamu kwenye simu," akasema. "Nitaitega saa kumi."

Simu yake ilikuwa imebaki na chaji kidogo sana, maana aliongea na ndugu zake kwenye matatu njia nzima kutoka Chaka. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka: "Zima simu, mwalimu. Soketi hazina stima, na kesho utamtafuta huyo ndugu yako na nini? Mimi ndiye saa yako."

Akacheka. "Haya, saa yangu. Usisimame tu."

Akaizima mbele yangu. Nikafunga mlango, nikasimama koridoni nikatoa biro. Nikaandika watu wangu wote kwenye kiganja, kituo kwa kituo: mzee mwenye mkongojo, polisi wawili wa likizo, mama mwenye mtoto mchanga, kijana wa chuo. Mwalimu sikumwandika. Ningemwandikaje? Nani huandika jirani? Mtu ambaye nasikia sufuria zake kila asubuhi, nimwandike mkononi pamoja na watu nisiowajua, kama mzigo? Niliona hata ni kumkosea heshima. Wageni ndio wa kuandikwa, maana wageni ndio husahauliwa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri hivyo kwa upendo.

Kupanda kule milimani kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Karibu na saa kumi na moja yule mama mwenye mtoto mchanga, behewa la tatu, alinishika mkono akaanza kunifokea. Mtoto alikuwa anatetemeka. Alitaka blanketi, na blanketi za kukodisha zilikuwa zimekwisha tangu Nairobi. Alikuwa na haki ya kufoka. Nilimwambia nitaona la kufanya, nikaanza kupita mlango kwa mlango nikiomba kama kuna mwenye blanketi la ziada, na watu wananitukana kwa kuwaamsha.

Nikiwa kwenye kazi hiyo treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Nilisikia mtu nje akitaja jina la kituo kwa sauti. Nililisikia vizuri kabisa. Nikatazama kiganja changu, na kwa kituo hicho hapakuwa na mtu. Nikaendelea kutafuta blanketi. Treni ikaondoka, nami nikalipata, la kijana mmoja aliyevua lake, nikampelekea yule mama, akanibariki. Nilijiona mtu mwema asubuhi ile.

Jua lilikuwa limekwisha kutoka nilipopita tena behewa la kwanza. Mlango wa mwalimu ukafunguka. Alikuwa amevaa gauni la buluu, amechana nywele, mkoba uko mkononi, blanketi amelikunja vizuri kitandani.

"Jirani," akasema, "bado tu? Mbona naona kumekucha?"

Nilitazama kiganja changu. Sijui kwa nini nilikitazama, maana nilijua sitamkuta hapo. Kabla sijamwambia tumepita, alisoma uso wangu kama alivyosoma daftari za watoto maisha yake yote. Alirudi ndani akaketi taratibu juu ya kile kitanda.

"Tumepita kitambo?" akauliza.

"Kitambo."

"Kinachofuata kiko mbali?"

Nikamwambia karibu saa nzima tena. Hakupiga kelele. Afadhali angenizaba kofi. Aliwasha simu, na ujumbe ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine. Alinisomea bila kuniangalia. Dada niko stesheni. Dada sijakuona umeshuka. Dada treni imeondoka, uko wapi? Alimpigia yule mdogo wake, na kwa kuwa kabini ni ndogo nilisikia yote. Kijana alikuwa amekwisha kurudi nyumbani na kusema dada hakuja, na mpima ardhi alikuwa amefika mapema kwa sababu ana kazi kwingine.

"Waambie wanisubiri," mwalimu akasema. "Waambie nilipitilizwa na usingizi. Nakuja."

Simu ikazimika hapo.

Kituo kilichofuata nilimbebea mkoba hadi kwa watu wa boda boda. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimchagulia dereva mwenye umri, nikamwomba aende kasi, nikamwomba tena asimwangushe. Mwalimu alipanda upande kwa sababu ya gauni, na kwa sababu ya mgongo alikuwa amekunja uso wote. Nilitaka kwenda naye, nikasimame mbele ya ndugu zake niseme kosa ni langu. Filimbi ikalia nikarudi kwenye treni. Nilikuwa na mabehewa matatu na nilikuwa naogopa kazi, huo ndio ukweli, na ndio unaoniuma kuliko hata kule kusahau.

Alifika kwao saa tano imekwisha kupita. Vigingi vilikuwa vimepigwa. Mdogo wake alikuwa ameomba asimame kwa niaba ya dada yake, wakamkatalia, na sehemu ile ya chini ikaunganishwa na ya mkubwa wao. Mpima ardhi alikuwa ameondoka na karatasi zimewekwa sahihi. Mwalimu alipita na viatu vyake vya matope mpaka kaburini kwa mama yake, akakuta kigingi kiko hatua mbili kutoka hapo.

"Tulikungoja," yule mkubwa wao alimwambia. "Mtu anayetaka ardhi analala usingizi?"

Haya niliyapata kwake mwenyewe, wiki iliyofuata, jikoni kwake. Nilikuwa nimebeba debe la viazi kutoka Mweiga, sijui nilidhani viazi vitafanya nini. Nilimwambia nitaandika barua, nitakula kiapo, nitasafiri kwa nauli yangu nikawaambie watu wa kwao kwamba aliniamini nikamwangusha. Nilimwambia aende kortini, sheria iko upande wake, siku hizi binti ni sawa na mtoto wa kiume. Alinisikiliza huku akimenya vile vile viazi.

"Jirani, nikienda kortini nitashinda," akasema. "Halafu nitajenga katikati ya watu ambao hawanisalimii. Hao ni watoto niliowavalisha sare. Wangekuwa wananitaka pale, si wangengoja saa tatu tu?"

"Walikuwa wanatafuta sababu," nikasema.

"Walikuwa wanatafuta. Sasa wamepata." Akaweka kisu chini. "Usiache kazi, kama ndilo unalowaza. Wengine bado wanahitaji kuamshwa."

Angenilaumu ningepumua. Badala yake alinipa mrenda nipeleke nyumbani, na usiku mke wangu aliula wote bila ule utani wake.

Nilimpelekea msimamizi habari hiyo nikidhani ataona. Nilimweleza vikombe, vikaratasi, trei, kila kitu. Nikamwambia chai ile haikuwa chai, ilikuwa ndiyo inayoshusha watu. Alinisikiliza kwa adabu, akaandika kidogo, na baada ya wiki mbili kukabandikwa karatasi ndani ya kila kabini: Abiria ahakikishe ameshuka kituo chake. Nilibandua moja nikaichana mbele ya watu, nikapewa onyo. Nikanunua daftari kwa pesa yangu. Sasa naandika kila mtu, awe askofu au awe ndugu yangu wa damu, na anayeudhika na audhike. Lakini chai haijarudi, na naona ule mto mmoja uliobaki kitandani nao unatazamwa.

Mwalimu alistaafu mwisho wa mwaka, na hakuondoka. Aliendelea kupanga nyumba ile ile. Lile daftari lenye mchoro sijaliona tena na sijathubutu kuuliza. Tunasalimiana kila siku, sahani zinapita juu ya ua, na yeye bado anacheka, ila hacheki tena mpaka kushika mbavu.

Juzi hapa chama chetu cha kusaidiana kanisani kilifanya upya fomu za wanachama. Mimi niko kwenye kamati ya usafiri, ile inayopanga magari mtu akifariki, kwa hiyo fomu zote hupita kwangu. Tulikuwa tumeketi mezani baada ya ibada, mimi na katibu mpya, muuguzi aliyehamishiwa huku majuzi kutoka upande wa Embu, hajui habari za mtu yeyote. Alikuwa anapitia fomu moja moja kuona kama zimejazwa. Akafika kwenye moja akasimama.

"Huyu mwalimu ameacha nafasi moja," akasema. "Hapa pa mahali pa kuzikwa. Na kwingine kote amejaza vizuri hivi. Nimpigie simu nimkumbushe?"

Nikaichukua ile karatasi. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kwenye ripoti za binti zangu, herufi zimesimama sawasawa. Jina, simu, kanisa, jirani wa karibu, na hapo kwa jirani ameandika mimi. Kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na nukta moja ya wino, pale alipoweka kalamu akaiinua.

"Usimpigie," nikamwambia. "Yeye hakusahau. Aliyesahau ni mimi."